Kopo la Mwezi wa Nane

Siku Mama Bernadette alipomwondolea Denise ufunguo wa chumba cha vyakula, hakumwondolea kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Kama angefoka, Denise angepata la kujibu, hata kama ni moyoni. Lakini mama mkwe alinyoosha tu mkono wake mezani, baada ya sala ya chakula, akasema, "Denise, leta fungulo," kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Denise akaufungua kutoka fundo la kitenge chake, mahali ulipokuwa ukikaa tangu familia ilipofika Bunia, miaka saba sasa. Mama akaupokea, akaupima kiganjani, kisha akaugeuzia upande wa pili wa meza, kwa Débora.

"Weye umesoma mambo ya chakula," akamwambia. "Utuchunge tusikufe."

Débora alikuwa mke wa Aimé, mtoto wa mwisho wa Mama. Denise alikuwa mke wa Évariste, mtoto wa kwanza. Wote walikaa kwenye parseli moja, kiwanja kimoja, kule mtaa wa Lumumba, nyumba mbili na jiko moja katikati, ila Aimé alikuwa Mongbwalu kwenye kazi ya dhahabu, akija nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Débora alifanya kazi kwenye kituo cha afya, kupima watoto kilo na kuwafundisha mama zao chakula gani kinajenga mwili. Alikuwa na miaka ishirini na sita, sauti ya taratibu, na meno mazuri ambayo hakuyaficha.

Tusimwonee Denise, lakini tuseme ukweli pia: ufunguo haukuondoka bure. Wiki ile alikuwa amefungua kopo la tomati lililovimba tumbo kama mtoto mwenye minyoo. Débora aliliona, akamwambia kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya, hii imevimba, na siku yake ilipita mwezi wa pili. Tuitupe." Denise akamjibu kwamba kopo likivimba ni hewa tu, unalitoboa kwa kisu, linapumua, unapika. Akalitoboa. Likapumua kweli, kwa mlio, na povu. Akapika.

Siku mbili nyumba nzima ilipishana kwenye njia ya choo. Évariste, mwanaume mzito anayenunua maharagi Aveba na kuyauza mjini, alishindwa hata kupanda moto, ile pikipiki ya abiria, kwenda kazini. Mama Bernadette, na miaka yake sabini na nne, alilala chini kwenye mkeka akinywa maji ya chumvi na sukari ambayo Débora alimnywesha kijiko kwa kijiko. Débora mwenyewe hakuugua. Hakuwa amekula. Na hakusema hata mara moja, "Nilikuambia." Denise alilisubiri neno hilo siku zote mbili, alikuwa na jibu lake tayari, na neno halikuja.

Basi ufunguo ukahama.

Tangu siku hiyo Denise akaanza kuhesabu. Alihesabu mara ngapi kwa siku Mama anatamka jina la Débora na mara ngapi lake. Jumatatu ilikuwa kumi na nne kwa tatu, na katika hizo tatu, moja ilikuwa ya kumtuma afukuze mbuzi kwenye majani ya muhogo: "Denise, mbuzi iko kwenye sombe." Aliona kwamba kiti chenye mto, ambacho Mama hakumpa mtu, sasa Débora akirudi kazini anaambiwa akikalie apumzishe miguu. Aliona Mama akimuita "munganga wangu", yaani daktari wake. Yeye Denise alimzalia nyumba hii watoto watano, akamfulia Mama nguo wakati wa ugonjwa wa mgongo, na hakuna siku aliyoitwa "wangu" wa kitu chochote.

Débora akabandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha vyakula. Aliiandika kwa kalamu ya bic ya rangi mbili, akawasomea wote baada ya chakula.

"Kuna tarehe za sheria na kuna tarehe za shauri," akasema. "Maziwa ya mutoto muchanga, nyama, samaki, yogati, hiyo ni sheria. Siku ikipita, hakuna kuonja, hakuna kusema nitaipika sana. Lakini biskuti, makaroni, kahawa, hiyo ni shauri tu. Inaweza kupita mwezi na haitakufanya kitu, itapoteza utamu kidogo."

"Na chumvi?" akauliza Évariste.

"Chumvi hakuna shida, Papa. Ilikuwa chini ya udongo miaka na miaka, haitaharibika kwako."

"Na mutu?" Mama akauliza. "Mimi tarehe yangu ni ya sheria ao ya shauri?"

"Weye ni kama chumvi, Mama."

Wakacheka wote. Mama alicheka hadi akapangusa macho kwa pembe ya kitenge. Denise alicheka pia, maana usipocheka wote watakuona. Neno tamu kama lile, alijiuliza, kwa nini halikuja mdomoni mwake hata mara moja katika miaka ishirini na mbili ya kuolewa hapa?

"Lakini maziwa ya ng'ombe," Mama akaendelea, "ile ya kwetu, tarehe yake ni ulimi. Ile hakuna mutu ya kuniandikia."

"Iyo ninakubali," akasema Débora, na Mama akatikisa kichwa kwa furaha, kama mwalimu aliyejibiwa vizuri.

Sasa ni lazima mjue habari ya kopo.

Juu kabisa katika chumba kile, kwenye ubao wa mwisho, nyuma ya sufuria za sikukuu, kulikuwa na kopo kubwa la bluu la maziwa ya unga. Chini yake liliandikwa 08/2016. Lakini maziwa yale yaliliwa zamani, na kila mtu wa hapa anajua kwamba kopo zuri halitupwi: linabeba sukari, linabeba misumari, linabeba mbegu. Hili lilibeba mafuta ya ng'ombe. Mama Bernadette aliyapika mwenyewe kule vilimani Djugu, mwaka mmoja kabla ya kukimbia vita, kutoka maziwa ya ng'ombe wake mwekundu ambaye leo hakuna ajuaye alipoishia. Denise ndiye aliyeshika chujio. Mama alimimina, akafunika, akafunga mfuniko kwa kitambaa, akadondosha nta ya mshumaa kuzunguka, kisha akasema yasiguswe mpaka azaliwe mtoto wa mjukuu wake wa kwanza. Katika nyumba ile mtoto wa namna hiyo hupakwa mafuta ya ng'ombe kichwani siku anapoingizwa mlangoni, na Mama aliamini kwamba mafuta hayo yakizeeka ndipo yanapopata nguvu. Ng'ombe wengine hawakupatikana tena. Kilichobaki cha mifugo yote ile kilikuwa ndani ya kopo la bluu.

Na mjukuu wa kwanza alikuwa Rebecca, binti wa Denise, aliyerudi nyumbani kujifungua, tumbo limeshuka, akihesabu siku.

Mama alijua habari ya kopo. Évariste alijua. Denise alijua kuliko wote. Débora, aliyeolewa miaka mitatu tu, hakujua, kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kumwambia.

Jumamosi asubuhi Débora akafungua chumba na kusema kwamba leo kila kitu kitatoka nje, kipigwe jua, na kisomwe. Alikunja mikono ya blauzi. Mama alikuwa ameenda kumsalimia mgonjwa kwa jirani. Denise akaja kusaidia, si kwa mapenzi, alitaka kuona.

Walifanya kazi vizuri, hilo lilimshangaza. Denise alipanda juu ya stuli akawa anashusha, Débora anapokea, anageuza, anasoma, anaweka. Upande wa kulia vilivyo hai, upande wa kushoto vilivyokufa. Sardini za Krismasi ya mwaka juzi, kushoto. Mayoneze, kushoto, na Débora alitoa ulimi kama mtoto. Makaroni yaliyopita wiki tatu, kulia, "hii tunakula leo mangaribi." Unga wa soya wenye vidudu, kushoto. Kulikuwa na sanduku la cubes za kukolezea mchuzi ambalo Denise mwenyewe alilificha toka mwaka uliopita asiombwe na majirani. Lilikuwa limegeuka jiwe moja.

"Yaya, hii ulikuwa unachungia nani?"

"Wajinga wasioulizaka."

Débora akacheka, na kwa muda mdogo Denise akasahau kuhesabu.

Kisha mkono wake ukagusa bati lenye baridi nyuma ya sufuria za sikukuu. Akalishusha kopo la bluu. Lilikuwa zito. Akampa Débora kwa mikono miwili, kama lilivyostahili, na akafungua mdomo aseme.

Débora alikuwa amekwisha kuligeuza. "Mwezi wa nane, elfu mbili kumi na sita," akasoma. "Eh, yaya, hii ilikufa mbele nifike huku." Akagusa kitambaa na nta. "Juu ya nini waliifunga hivi? Iko na kazi?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Neno moja tu lilihitajika, na Denise alikuwa nalo. Lakini jicho lake lilikwenda kwenye kiuno cha Débora, kwenye fundo la kitenge, na pale ndani ya fundo akaona umbo la ufunguo.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Weye njo uko na fungulo. Weye njo unasomaka."

Débora akamtazama. Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake muda wa kuongeza kitu. Denise akageukia sufuria, akapuliza vumbi.

"Sheria ni sheria basi," Débora akasema polepole. "Ya zamani hivi, hata kuifungua hapana." Akaliweka kushoto.

Msidhani Denise alitaka mafuta yapotee. Hapana. Alikuwa amepiga hesabu yake pale pale juu ya stuli. Vitu vilivyokufa vitakaa barazani mpaka Jumatatu, siku ya mkokoteni wa takataka. Kesho Mama akitoka misa atapita pale, ataona kopo lake juu ya mayoneze iliyooza. Atauliza nani. Hapo mwenye meno mazuri atajua nyumba hii ina mambo yasiyoandikwa chini ya kopo. Na Mama atanyoosha mkono mezani mara nyingine. Ilikuwa hesabu nzuri. Denise akaoga, akavaa, akaenda mazoezi ya kwaya ya akina mama wa parokia, na siku hiyo aliimba kwa nguvu.

Aliporudi, baraza lilikuwa limefagiliwa. Hakukuwa na kitu, hata alama ya mafuta.

"Takataka iko wapi?" akamuuliza Débora, aliyekuwa akikuna karoti.

"Nilimuita papa Hippolyte ya Mudzipela, yule wa nguruwe. Niliogopa watoto wasichezee zile makopo. Amebeba yote kwa kinga, ile baiskeli yake."

Denise alisimama pale, kitabu cha nyimbo mkononi. Mudzipela haikuwa mbali. Angeweza kupanda moto saa ile ile. Lakini Mama akatoka nyumbani, akaingia chumba cha vyakula, akazunguka, akatoka amepiga mikono pamoja.

"Denise, kuja uone," akasema. "Hii chumba imekuwa kama hospitali. Miaka yote tulikuwa tunalala karibu na sumu. Huyu mutoto Mungu alitutumia."

Miaka yote. Miaka saba. Denise akapeleka kitabu chake ndani, akavua viatu, na hakwenda Mudzipela. Wala Jumapili hakwenda. Kila alipotaka kuinuka, neno lile la "miaka yote" lilimkalisha tena. Mama hakutazama juu kwenye ubao wa mwisho. Macho yake hayakufika huko tena, na kwake kopo lilikuwa mahali pake kama vile paa lilivyokuwa mahali pake.

Jumatatu alfajiri Rebecca alijifungua kwenye kituo cha afya. Msichana, kilo tatu na gramu mia mbili, na kelele za kutosha. Ilipofika saa nne asubuhi Denise alirudi nyumbani kuchukua nguo, amechoka, amejaa furaha ya kuitwa koko, yaani nyanya, kwa mara ya kwanza. Mama Bernadette alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake cha sikukuu, ingawa mtoto angeletwa nyumbani kesho yake.

"Débora," Mama akaita, "fungua chumba. Unishushie kopo yangu ya bluu, ile ya juu kabisa. Ninataka kuangalia mafuta kama iko muzuri."

Débora alikuwa ameshika sufuria. Akaitua. Aliitua kwa utaratibu sana, kama imejaa, na ilikuwa tupu.

"Mafuta gani, Mama?"

"Ya ng'ombe. Ya mutoto. Hawakukuambia?"

Débora akamgeukia Denise. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kwa swali lile lile la Jumamosi, na safari hii akamtazama muda mrefu zaidi. Denise hakuweza kuvumilia. Akasema amesahau kitambaa cha mtoto, akatoka parseli bila kitambaa, bila begi, akasimamisha moto ya kwanza iliyopita.

"Mudzipela, kwa nguruwe ya Hippolyte. Haraka."

"Mama, unaenda kununua nyama?" akauliza yule wa moto.

"Endesha tu."

Papa Hippolyte alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya banda, miguu amenyoosha juani. Nguruwe wake saba walikuwa kimya, wameshiba. Makopo ya sardini yalikuwa yamepangwa ukutani, yamesafishwa, tayari kwa kazi nyingine.

"Mama Rebecca," akasema, "karibu. Nguruwe zangu zinakusalimia. Toka Jumamosi zinakula kama wazungu."

"Papa, kulikuwa kopo moja ya bluu."

"Ile ya mafuta?"

Denise akachungulia bandani. "Umeipatia nguruwe?"

"Mafuta ya ng'ombe? Mimi siko mwendawazimu. Nguruwe hazisome tarehe, lakini mimi ninasoma na pua. Nilifungua, nikanusa, nikaita bibi yangu: kuja uone, watu ya Lumumba wamekuwa matajiri, wanatupa hii." Akainua mguu mmoja na kuuonyesha. "Angalia kisigino. Jumamosi ilikuwa kama barabara ya Komanda, mashimo tu. Angalia sasa."

Kisigino kilikuwa kinang'aa kweli. Denise alikiona kichwa cha mjukuu wake kwenye kisigino cha mzee Hippolyte.

"Imebaki ngapi?"

"Kisigino mbili, magoti mbili, na jana bibi yangu aliweka kwenye maharagi. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuuliza nani anapika." Akaingia ndani, akatoka na kopo. Lilikuwa limebaki vidole vitatu vya mafuta, ya manjano, yamegandia chini. Harufu ilipanda, harufu ya zizi la asubuhi na moshi, na Denise alilazimika kugeuka kando.

"Ilikuwa ya mutoto ya Rebecca," akasema. "Amezaliwa leo."

Mzee akaacha mzaha. Akafuta kopo kwa shati lake, akampa. "Nani sasa alitupa kitu kama hii?"

"Muke ya Aimé," Denise akasema. Lilitoka haraka, na lilikuwa tamu mdomoni. "Yule anasomaka tarehe."

"Yule musichana?" Hippolyte akakuna kichwa. "Aliniambia: Papa, kopo ya kuvimba usifungue, zika. Aliniandikia hata numero yake, kama nguruwe ikigonjwa nimuite. Hakuna mutu alishaniandikia numero juu ya nguruwe. Ni mutu muzuri, ule."

Hata huku, Denise akawaza alipokuwa anapanda moto, kopo mapajani. Hata kwenye banda la nguruwe amenitangulia.

Njiani aliutunga mpango mwingine. Ataingia na kopo mikononi. Hatasema mengi. Atasema, "Mama, niliuliza, nilitafuta, nimeipata." Mama ataona nani alitupa na nani alileta. Vidole vitatu vinatosha kwa kichwa cha mtoto. Na kila kitu ambacho angekisema kingekuwa kweli, isipokuwa kile ambacho hangekisema.

Alipofika, mlango wa sebule ulikuwa wazi nusu, na sauti zilikuwa za chini. Akasimama nje. Alitaka kusikia Débora akilaumiwa. Tuseme tu ndivyo ilivyokuwa.

"Wakati ulipanga vitu," Mama alikuwa akiuliza, "ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu, Mama."

"Denise hakukuwa?"

"Yaya alikuwa kwaya. Nilisoma kopo, sikuuliza iko na nini. Ni kosa yangu. Utanisamehe ao utakatala, lakini ni mimi."

Aliyasema bila kulia kwa kelele. Mama akasema, na alilisema kwa upole kabisa, "Hukujua, mutoto wangu. Mutu asiyejua tutamufanya nini?"

Mutoto wangu.

Nje ya mlango, Denise akalikumbatia kopo kifuani. Alikuwa amepewa zawadi, kosa lake lote limefutwa na mdomo wa mwingine. Angeweza kuingia sasa na kopo lake, awe mwokozi, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini alichokiona ni kimoja tu: yule msichana amemshinda tena. Amemshinda kwa kusoma, amemshinda kwa kuchekesha, amemshinda kwa Hippolyte na nguruwe zake, na sasa anamshinda hata kwa kubeba kosa. Hilo hapana. Hilo la mwisho Denise hakuweza kumwachia.

Akausukuma mlango.

"Mama, anakudanganya," akasema. "Hakukuwa peke yake."

Wote wawili wakageuka. Denise akaweka kopo mezani, kitambaa kimekatika, nta imebanduka.

"Mimi njo nilishusha. Mimi nilimupa na hii mikono. Aliniuliza, Mama. Aliniuliza kama iko na kazi. Nilimuambia weye njo uko na fungulo."

"Yaya," akasema Débora.

"Nyamaza. Usinisaidie tena." Na akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshaanza: "Nilijua kopo ni gani. Nilitaka uione kwa takataka, Mama, umuchukie. Kisha alipeleka kwa Hippolyte, nikajua, na siku mbili sikuenda kuitafuta. Juu ulisema chumba ni kama hospitali."

Mama Bernadette alimtazama Denise. Kisha akamtazama Débora, aliyekuwa amesema uongo. Kisha tena Denise, aliyekuja na ukweli kama mtu anayekuja kupigana.

"Sasa," akasema, "munagombania hata kosa?"

Mama akavuta kopo, akaingiza kidole, akanusa, akafumba macho. Alipofumbua, akaangalia kina cha mafuta.

"Ingine nani amekula?"

"Kisigino ya Hippolyte," Denise akasema. "Na magoti."

Tumbo la Mama likatikisika mara moja, mara mbili. Débora aliinamisha uso haraka. Lakini Mama hakumaliza kucheka. Aliufuta mdomo wake na kitenge, na uso ukarudi mgumu.

"Usifikiri nimecheka na weye," akamwambia Denise. "Tomati, hiyo ilikuwa kutojua. Nilikuondolea fungulo juu ya kutojua, na ilinisikitisha, sikulala. Lakini hii hukuwa hujui. Fungulo itabaki kwa huyu. Na weye, kila Jumamosi utaingia naye ndani. Utamuambia kila kopo iko na nini, ilitoka wapi, nani aliweka. Yeye asome ya inje, weye useme ya ndani. Siyo juu nimekusamehe. Ni juu hakuna mwingine anajua, na mimi sitakaa."

"Ndiyo, Mama."

"Na kwa Rebecca hutasema kitu. Mutu ametoka kuzaa."

Siku ile yote Mama hakumwita Denise tena. Denise hakuwa na haja ya kuhesabu, sifuri haihesabiwi. Jioni alikutana na Débora jikoni, wakapishana, na Débora akasema bila kumtazama, "Siku ingine, yaya, unitukane tu. Itakuwa rahisi kwetu wote." Denise akakubali kwa kichwa. Hakusema samahani. Ilikuwa bado mbali sana, kama gari unalolisikia mlimani na hulioni.

Jumanne asubuhi Rebecca aliingia parseli na mtoto ndani ya shali jeupe. Évariste alikuwa amevaa koti. Mama Bernadette alikaa kwenye kiti chenye mto, kopo kwenye mapaja, mafuta ameyayeyusha juani.

"Mumushike," akasema. "Denise kichwa. Débora miguu."

Wakapiga magoti, mmoja huku, mwingine kule. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha joto, chepesi, kinapiga taratibu pale kati penye ulaini. Mama akachovya kidole, akapaka, akanong'ona maneno ya kwao ambayo Débora hakuyaelewa na Denise aliyaelewa yote. Mtoto akalia, kisha akanyamaza, akaonja hewa kwa ulimi.

Denise aliinamisha uso karibu na mafuta yale. Machozi yalikuja, na alikuwa na aibu, na alikuwa na majuto ya kweli. Lakini hata hivyo, chini ya hayo yote, alijikuta akifikiri: mimi kichwa, yeye miguu. Akainua macho. Débora, aliyeshika nyayo mbili ndogo kama anashika mayai, alikuwa anamtazama, na ilionekana wazi kwamba amelisoma wazo hilo kama anavyosoma kitako cha kopo.

"Miguu iko na nguvu sana, yaya," akanong'ona. "Hii mutoto atatembea mbele ya mwaka."

"Ashike kwanza shingo," Denise akajibu, na akahamisha kiganja chake, kidogo tu, ili Débora naye aone uso.